Matairi ya Kupandia Ugweno

Mume wangu Asheri ana gari la spoti la bluu, la viti viwili, na kwa miaka miwili nililichukia gari hilo kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu. Nalisema mapema ili tusizungushane.

Tunaishi Same mjini, kwenye nyumba inayotazama milima. Mimi ni fundi cherehani, na dirisha la chumba changu cha kushonea linaona mvua ya watu wengine. Ndivyo Same ilivyo. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, kisha yanapanda zao mlimani kunyesha huko, na sisi tunabaki na vumbi letu. Mara nyingi nilikuwa nikishona huku nikitazama pazia la mvua limeshuka kule juu, nikijua kwetu Ugweno nako kunanyesha, na cherehani inajiendea yenyewe kama vile miguu si yangu.

Asheri alikuwa dereva wa basi la Dar es Salaam na Arusha kwa miaka mingi. Alipoacha kazi hiyo alifungua kibanda cha spea karibu na stendi, na watu wakadhani ametulia. Kumbe kuna wanaume ambao wakitulia ndipo wanaanza kuota.

Tulikuwa tumetoka Moshi, kwa daktari, ambaye alituambia kwa upole mwingi kwamba mtoto tuliyemsubiri hatakuja. Mwezi haujaisha, Asheri akaingia uani na hilo gari. Nikatoka nje na pini mdomoni. Nikachungulia nyuma ya viti viwili vya mbele, hakuna kitu. Hakuna hata kibenchi cha kuwekea kapu la nyanya. Akaninyooshea funguo, akasema twende tukazunguke. Nikamwambia nina nguo za watu. Niliporudi ndani nililia. Niliona mwanamume ameandika hukumu yangu kwenye bati, ameipaka rangi ya bluu, na sasa ataiosha kila jioni mbele ya majirani.

Na kweli aliiosha. Siku kavu aliendesha peke yake hadi Makanya na kurudi, na alirudi na uso wa mtu aliyetoka kusali. Hatukugombana. Laiti tungegombana. Tulisalimiana, tulikula, tulipitishiana chumvi, na ukimya ukawa mtu wa tatu mezani, tena mwenye hamu ya kula.

Aprili, masika yalipoanza kushuka hata huku chini, nilimwambia Jumamosi anipeleke kwa mama Ugweno. Siku zote nyumbani kwetu tulisema twende tukamsalimie mama. Safari hii nilisema nipeleke, na Asheri alisikia. Nilikuwa nimeamua kwamba nikifika sirudi. Akasema matairi yaliyoko kwenye gari hayapandi Ugweno wakati wa mvua. Nikamjibu atafute yanayopanda. Ningeweza kupanda basi hadi Mwanga, halafu bodaboda hadi juu, na wala nisingechoka. Lakini hasira yangu ilitaka gari lile lile linibebe. Lilinitoa moyoni mwa nyumba yangu, basi linitoe na mlangoni.

Ijumaa alinichukua mpaka Hedaru, kwa Jabiri, anayeuza matairi pembeni ya barabara kuu, mahali malori yanaposimama kupumua. Jabiri aliwahi kumuuzia matairi ya basi, kwa hiyo alitutolea viti na kahawa kwanza, ndipo akalizunguka gari akiguna kwa husuda. Matairi yaliyokuwapo yalikuwa mapana, yamejaa chini ya bodi, na kashata zake, yale meno ya mpira yanayoshika barabara, zilikuwa za kina kifupi sana. Kwa lami kavu hakuna mfano wake. Asheri aliyapenda matairi yale. Aliyapaka mafuta ya kung'arisha, aliyafuta kwa kitambaa cha flana nilichokuwa nimekitafuta nyumba nzima.

Jabiri akatoa kwanza matairi ya mtumba kutoka Japani, laini, yamejaa vikato vidogo vidogo. Akasema haya yalitengenezwa kwa ajili ya theluji, na tairi linaloshika theluji litaogopaje tope la Ugweno. Asheri akalibonyeza moja kwa dole gumba. Akasema mpira huo umezoea baridi. Kwa jua la huku utakuwa umelegea kama chapati kabla hatujafika Same, na kwenye lami iliyolowa hautashika. Jabiri akacheka, akakiri kwamba mtu wa mwisho kununua seti kama hiyo alirudi na maneno mengi.

Basi Asheri akaanza kuchagua, na mimi nikamwangalia kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Anachagua tairi kama mama yangu anavyochagua mchele. Analisimamisha, analizungusha, anapitisha kidole ndani ya mifereji kupima kina, anasoma ubavuni mwaka wa kutengenezwa, anapinda mpira kutafuta nyufa. Alitaka jembamba kuliko lile lililokuwapo. Jabiri hakuamini masikio yake. Asheri akamweleza kwa sauti ya chini kwamba tairi pana likikuta maji mengi hupanda juu yake, na gari jepesi kama hili huelea bila dereva kujua. Jembamba lenye mifereji mirefu hukata maji, huyatupa pembeni, hugusa barabara. Na kule juu, kwenye udongo, litachimba mpaka lipate penye ugumu.

Yakafungwa manne. Gari likaonekana kama kuku aliyenyonyolewa manyoya. Jabiri alinigeukia akasema, "Shemeji, mumeo ameharibu gari zuri kwa safari moja tu." Nilimjibu kwamba safari yenyewe inatosha, nikanywa kahawa yangu yote. Nilifurahi. Niliona ni adhabu iliyomstahili, gari kupoteza umbo lake kwa ajili ya kunitoa.

Jumamosi asubuhi begi langu halikuingia kwenye buti, kwa sababu buti la gari lile linatosha mkate na magazeti. Nikalipakata. Mtu anayekwenda kusalimia hapakati begi kubwa kiasi kile. Asheri aliliona, akanisaidia kulikalisha vizuri magotini, akanifunga mkanda juu yake.

Mvua ilitukuta nje kidogo ya mji. Sijui nieleze vipi mvua ukiwa umekaa chini namna ile. Kwenye basi mvua iko nje na wewe uko ndani. Kwenye gari lile nilihisi tumekaa barabarani penyewe, mimi na yeye, na dunia yote imepanda juu yetu: magurudumu ya malori yakipita usawa wa masikio yangu, maji yakiinuka na kushuka taratibu, wipa zikifungua na kufunga kipande kidogo cha lami. Milima ilikuwa imeondoka. Mahali ilipokuwa siku zote palikuwa peupe tu, na mara moja moja bega la mlima lilitokeza kisha likajifunika tena.

Karibu na Lembeni kulikuwa na maji yamelala barabarani kutoka ukingo hadi ukingo. Asheri alipunguza mwendo mapema, akayaingia akiwa ameshatulia, mikono yake imelala tu kwenye usukani. Lori likatumwagia ziwa zima. Kwa muda hatukuona kitu. Nilisikia chini yangu sauti ya matairi yakipasua maji, shshsh, kama nguo ndefu inayoburuzwa sakafuni, na gari halikuyumba hata kidogo. Kioo kilipofunguka tulikuwa tumeshavuka, mistari ya mkonge wa Kisangara ilikuwa inapita, mmoja, mwingine, mwingine, na nilijikuta nimesahau ninakokwenda. Nilikuwa nimefurahi. Nilijikasirikia sana kwa furaha ile, nikalikumbatia begi langu.

Mwanga tulikata kulia tukaanza kupanda. Hapo ndipo niliposinzia bila kufumba macho. Kona baada ya kona, majani ya migomba yakitoka kwenye ukungu na kurudi, vijana wa bodaboda wamejikunyata barazani mwa maduka, maji mekundu yakivuka lami kutoka mashamba ya kahawa. Asheri aliendesha kwa gia ndogo. Nilitamani barabara isiishe, na sikutaka ajue.

Lami iliisha kabla ya kwetu. Kuanzia hapo ni udongo wenye mawe, na mawe hayo nimejikwaa nayo tangu utoto. Nayajua kama ndugu. Siku hiyo sikuliona hata moja.

Kwetu Upareni kuna msaragambo. Pembe ikipigwa, kila nyumba inatoa mtu, na kazi ya kijiji inafanywa kwa pamoja, iwe mfereji, iwe darasa, iwe barabara. Kaka yangu Vitus alikuwa amesikia kwamba shemeji anakuja na gari lake la chini, ambalo halijawahi kufika mlimani. Akaomba msaragambo wa wiki hiyo uwe wa kipande chetu. Watu wakang'oa mawe yote ili yasikwangue tumbo la gari, wakayapanga pembeni vizuri, wakamwaga udongo mwekundu uliochekechwa, wakaushindilia, na akina mama wakamalizia kwa fagio. Barabara ilikuwa nyororo kuliko sakafu ya sebule. Kisha ikanyeshewa usiku kucha. Katika kijiji kizima hakuna aliyekumbuka kwamba mawe yale ndiyo yaliyokuwa yakituzuia sote kuteleza.

Asheri alisimamisha gari, akashuka, akaukanyaga udongo, akakaribia kuanguka. Akazunguka magurudumu yote akipunguza upepo kidogo. Aliporudi ndani alikuwa amelowa mpaka kwenye nyusi.

"Wametupenda sana," alisema, akaingiza gia.

Tulipanda. Matairi yale membamba yalichimba, yakatafuta, yakashika, yakaachia, yakashika tena. Tulivuka kona ya kwanza na ya pili. Kwenye ya tatu, juu ya shamba la kahawa la mzee Tumainieli, nyuma ya gari kukaamua kwenda kwake. Hakukuwa na kishindo. Tuligeuka polepole sana, kama mtu anayegeuka kitandani, na nikaiona miti ya kahawa chini yangu ikipita mbele ya kioo, mmoja mmoja, na matone kwenye kila jani. Asheri hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaufuata ule mgeuko kwa usukani, kidogo, kidogo tena, na gari likaegemea ukingo wa juu kwa ubavu wa nyuma, likatulia.

Mvua ikatupigia paa. Vioo vikaingia ukungu mpaka hatukuona nje tena.

Ndipo nilipouliza nilichokuwa sijakiuliza miaka miwili. "Kwa nini viwili, Asheri? Magari yote yaliyoko duniani, kwa nini lenye viti viwili?"

Alifuta kioo kwa kiganja, japo hakukuwa na cha kuona. Aliniambia kwamba miaka yote ile alikuwa akibeba watu hamsini na zaidi mgongoni, wanakohoa, wanalala, wanagombea madirisha, na mimi niko nyumbani. Tulipotoka kwa daktari aliwaza kwamba tumebaki mimi na yeye. "Nikataka gari ambalo nikitazama pembeni ni wewe tu," alisema. "Na hakuna atakayesimamisha njiani."

Nilidhani nitalainika. Sikulainika, nilipandwa na hasira mpya. Nilimwambia mtu anasema kwa mdomo, hasemi kwa bati. Nilimwambia miaka miwili nimelala kitanda kimoja na yeye nikiamini ananiambia kila jioni, kwa ndoo na sabuni, kwamba nimeshindwa kumjazia gari. Uso wake ulibadilika. Nina hakika wazo hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Akasema kwa shida kwamba siku ile alinipa funguo, nikakataa, na baada ya hapo hakujua aanzie wapi. Nikamwambia hiyo ndiyo shida yake, hajui kuanza mpaka kuwe na barabara. Tukanyamaza, lakini si ukimya ule wa nyumbani. Huu ulikuwa unauma.

Kisha tukasikia sauti. Vitus na watu wa jirani walikuwa wanashuka kwenye ukungu na makarai kichwani, wamebeba mawe yale yale waliyoyang'oa. Kaka yangu alikuwa na aibu iliyoonekana hata kwa mgongo. Walipanga jiwe moja moja mbele ya kila tairi, kwenda juu, kama wanaotandika meza, na gari likapanda juu ya mawe yao kwa mwendo wa bibi harusi hadi uani kwa mama.

Asheri alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa furaha, akapewa khanga kavu ya kujifutia. Mama alilitazama begi langu, akalibeba mwenyewe mpaka chumba nilicholala nikiwa msichana. Huko ndani akaniuliza kwa sauti ya chini kama napigwa. Nikasema hapana. Kama kuna mwanamke. Nikasema hapana. Akaniuliza basi ni nini, na nilipomwambia tumenyamaziana, alikaa kidogo kitandani, kisha akasema makande yanapoa.

Tulikula. Asheri alisifu makande, akaulizia mfereji na kahawa, akacheka mahali pa kucheka. Mvua ikapungua, ukungu ukaanza kushuka kutoka juu, naye akasema ateremke kabla barabara haijalegea zaidi. Hakuniangalia. Vitus akashangaa, akauliza kama dada anabaki. Asheri akajibu kwamba dada amekuja kwa mama yake. Alilisema vizuri, bila kinyongo, kama anayemkabidhi abiria mahali alipoomba.

Uani wanaume wakaanza kushauriana. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, gari ni jepesi, na upande mmoja ukiwa mtupu litavuta kwa dereva. Asheri akakubali kwamba linahitaji uzito. Vitus akaenda shambani akarudi na mikungu miwili ya ndizi, akaikalisha kwenye kiti changu, akavuta mkanda, akaufunga. Ilikaa vizuri ajabu. Nikasimama barazani nikiitazama mikungu imeketi mahali pangu, imefungwa mkanda wangu, inakwenda nyumbani kwangu. Nilihisi wivu. Wivu wa ndizi, jamani, mtu mzima.

"Bahati yako ulibadilisha matairi, shemeji," Vitus alisema akipiga moja teke. "Na yale mapana usingepita hata kona ya kwanza. Mngegeuza mkarudi Same."

"Nilijua," Asheri alisema.

Neno lile lilinifikia barazani. Nilishuka kwenye tope na viatu vyangu vya safari. Nikamuuliza, alijua tangu lini kwamba sirudi. Akasema tangu niliposema nipeleke. Nikamuuliza, ikiwa alijua hilo, na alijua kwamba kwa matairi yale tungekwama, tungerudi, na labda ningekata tamaa na safari, kwa nini basi aliniambia, akaenda Hedaru kutafuta mengine.

Alikuwa ameshaingia ndani ya gari. Alinitazama kutoka chini, kwenye kile kiti chake cha karibu na ardhi.

"Sikutaka ubaki na mimi kwa sababu ya utelezi, Koleta."

Watu walikuwa wengi pale uani, na mimi si mwanamke wa kulia mbele za watu, lakini nililia. Nikazunguka mbele ya gari, nikafungua mlango wa upande wangu, nikafungua mkanda. Mkungu wa kwanza nikampa Vitus. Wa pili ulikuwa mzito, tukasaidiana.

"Dada, uzito," Vitus alinong'ona, hajaelewa bado. "Hiki kiti hakiwezi kwenda kitupu."

"Kiti kina mtu," nilimwambia.

Mama aliuliza kutoka mlangoni begi langu lifanyweje. Nikamwambia likae, tutalifuata wote wawili barabara ikikauka. Kiti kilikuwa na majimaji ya ndizi na vipande vya majani. Nikakaa hivyo hivyo. Asheri alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, na hakuwasha gari mpaka alipousikia mkanda wangu umeingia.